Kilima Kilichoonyeshwa kwa Ngumi

Nilipokuwa mtoto nilimwonea wivu mwanafunzi mwenzangu Kavira kwa sababu ya neno moja kwenye ramani. Ilikuwa ramani ya zamani, ya enzi za Wabelgiji, imetundikwa darasani kwetu, kijijini upande wa Manguredjipa. Kilima cha akina Kavira kilikuwa na jina, *Paluku*, jina la babu wa baba yake. Kavira hakuwahi kupita pale bila kuligusa. Kilima chetu cha jirani kilikuwa mistari mitupu.

Siku moja nilimuuliza mwalimu, mgeni kutoka Kasai.

"Na kwetu, maître?"

"Kwenu hapana kuandikwa. Pengine batu hapana kuwa kule."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa akipalilia maboga, naye akacheka.

"Batu tulikuwa. Muzungu alikuja na machine yake ya kupima vilima, maboga iko inazaa. Akauliza, shamba yenu ni wapi? Bamukwe wangu, baba ya bwana yangu, akaonyesha na ngumi."

Kwetu boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Unakunja ngumi. Mzungu alidhani anataka kupigwa, akabeba vyombo vyake, akavuka kijito. Huko Paluku alinyoosha kidole, na jina lake likaandikwa.

"Sasa jina yabo iko mu papier," Mukaka akasema. "Siku moja batu benye hatubajue batakuja kuiita."

Sikutaka hekima yake. Nilitaka jina.

Miaka ikapita, vita ikafika. Wanajeshi walikuja na ramani kama ile, wakauliza njia ya Paluku, wakapiga kambi katikati ya viazi vya akina Kavira. Familia yote ikakimbilia Butembo. Kwetu hakuna aliyepaulizia. Ndugu zangu bado wanalima pale.

Leo Kavira ana duka Mususa, mtaa wa Butembo, karibu na kwangu, na ukutani ameweka nakala ya ramani ile. Watoto wake huligusa jina lao wakiingia. Najua walichopoteza, na bado ninawaonea wivu.

Juzi, dukani, binti yangu aliniuliza mbele ya Kavira, "Mama, na kwetu ni wapi?"

Nilikitafuta kilima chetu kwenye ramani kwa kufuata kijito. Nilipokipata, mkono wangu ulijikunja wenyewe. Ngumi ilikifunika chote, na jina la Paluku pia, nami sikuharakisha kuiondoa.