Turubai Juu ya Mpunga

Nina fremu ya duka Lipangalala, na ndani ya fremu hiyo nauza fremu. Utani huo wateja wameshautumia hadi umechakaa, na bado sipunguzi bei. Nakata vioo, natengeneza mbao za picha za harusi, na ukutani natundika kazi za mchoraji mmoja anayeishi kwa kuandika mabango ya saluni na ya mashine za kukoboa.

Kazi zake zote ni za wakulima. Mgeni akiingia husimama mbele ya kazi hizo na kusema, "Amani ya kijijini." Anayeona amani kwenye palizi hajapalilia. Yule bwana huchora tope likiwa tope. Mwanamke aliyemchora aking'oa magugu kwenye jaruba la mpunga ametupa mgongo, kainama, uso hauonekani, kwa sababu kwenye palizi hakuna mwenye muda wa kukuonyesha uso.

Siku moja aliniletea ubao wa plaiwudi wenye wanaume wanne. Wamezunguka kitu kama kichuguu, kimefunikwa turubai la bluu, fimbo ziko hewani. Watatu wametupa migongo. Wa nne anatazama huku, ila kofia imemficha hadi kidevu. Nilimwuliza kaupata wapi. Akasema ametoka mashambani ng'ambo ya mto, na kwamba yeye huchora tu, kusoma ni kazi ya wenye macho. Nikautundika mlangoni, nikauita "Kupiga Mpunga." Kitu chenye jina huuzika.

Asubuhi ya pili akaja mzee mmoja, mkulima wa Katindiuka. Aliuliza bei, nikamtajia ile ya kuanzia, ile ambayo hata mimi huionea haya. Akaingiza mkono mfukoni. Hakubishana. Ifakara mkulima hubishana hata bei ya jeneza. Mtu asiyebishana ana lake jambo.

Kabla hajautoa mkono, mfugaji mmoja wa Kisukuma akaingia kutafuta kioo cha pikipiki yake.

"Mwangaluka," nikamsalimia kwa Kisukuma changu chote.

Akatabasamu, akamgeukia mzee. "Shikamoo."

"Marahaba."

Kisha akauona ule mchoro, na tabasamu likakatika.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanapiga mpunga," mzee akajibu kabla yangu.

"Turubai likiwa juu?"

Bonde zima linajua kwamba turubai hutandikwa chini, masuke hulazwa juu yake, ukipiga punje zibaki hapo. Hata mtoto anayefukuza ndege shambani anajua.

"Mvua ilikuja," mzee akasema. "Wakafunika."

"Wakafunika, wakaendelea kupiga? Mpunga wa wapi huo, mzee, unaopigwa ukiwa umejifunika shuka?"

Nilitaka kucheka, nikaona mkono wa mfugaji ulivyoibana fimbo ya kuchungia.

"Mavuno yaliyopita ng'ombe wetu waliingia shamba la watu," akasema, taratibu kama anayeagiza chai. "Mdogo wangu alienda kuwatoa. Tulimkuta kwenye matete. Taya vipande, jicho moja halipo. Mpaka leo anakunywa uji kwa mrija na hasemi neno. Waliompiga ni hawa wanne."

"Watatu," mzee akasema.

Neno lilishatoka. Hata yeye alilisikia.

Fimbo ya kwanza ilimshukia begani, ya pili ikampasua kichwa. Alianguka kwenye rafu ya vioo, vikamwagika juu yake pamoja na mchoro. Mfugaji akampiga teke la mbavu, akainua fimbo tena. Mimi ugomvi wa watu siuamui, lakini macho yangu yana tabia yake. Yakahesabu fimbo kwenye ule ubao, yakahesabu tena.

"Fimbo ni tatu," nikasema. "Hesabu mwenyewe. Wa nne ameshika turubai."

Mfugaji aliinama, akahesabu kwa kidole. Ya nne haikuwepo. Mikono ya mwenye kofia ilikuwa chini, kwenye pindo.

"Nilimrushia mimi hilo turubai," mzee akasema, damu ikimwingia mdomoni. "Nilidhani wasipomwona wataacha. Wakapiga zaidi. Mtu asiyeonekana uso ni mpunga tu."

"Hiyo migongo ni ya nani?"

Mzee alivuta ubao karibu. "Huyu amehamia Kidatu, anakata miwa. Huyu jirani yangu." Kwenye mgongo wa tatu hakuweka kidole. Aliufunika kwa kiganja.

"Na huyo?"

Mzee akakikaza kiganja.

"Huyo ni nani wako, mzee?"

"Mgongo huu nimeuogesha mwenyewe ukiwa mchanga," akasema.

Fimbo ilitua juu ya mkono huo. Ulilia kama bua kavu la mtama. Hakuuondoa.

"Toa mkono."

"Piga."

Akapiga. Vidole viwili vikaelekea upande ambao vidole haviendi, na plaiwudi ikapasuka pembeni. Kiganja kilibaki palepale.

"Mdogo wangu hakupata mtu wa kumwekea mkono," mfugaji akasema.

"Alipata turubai. Ndicho nilichokuwa nacho."

Mfugaji akauchomoa ubao chini ya ule mkono uliovunjika, mgongo wa tatu sasa ukiwa mwekundu, akaufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira.

"Nampelekea aliyekuwa chini ya turubai," akaniambia. "Hasemi, lakini kidole anacho."

Pikipiki ilipopotea, mzee alinisukumia simu kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vyake havikuweza kubonyeza. Nikampigia mwanawe kama alivyoomba, nikamwekea simu sikioni. Ilipokelewa mara moja, na sauti ilitoka kubwa hata mimi nikaisikia.

"Baba, umeipata ile picha?"