Jina Lililokuja na Kibanda

Kaka yangu ni fundi saa, na tangu nipate akili hajawahi kutengeneza saa ya mtu bila kumsimulia ukoo wetu. Huinama mezani, lenzi imebanwa jichoni, mdomo haupumziki: sisi ni wa wale majemedari wa zamani, jina letu linatosha. Wateja humvumilia kwa sababu mkono wake hauna mpinzani.

Majivuno hayo yalimtokea puani siku binti yake alipoleta mchumba mwenye jina la ukoo lilelile. Baba wa kijana, dereva wa lori mstaafu, alikataa katakata: watu wa damu moja hawaoani. Binti akalia mpaka macho yakavimba. Mimi, shangazi mtu, nikasema watu wakapimwe DNA. Wazee wote wawili wakasuguliwa pamba mashavuni, na majibu yakaja: hawana undugu hata chembe.

Binti alifurahi. Baba yake akanuna. Dereva naye hakuridhika. "Jina halianguki toka mbinguni," alisema. "Mlilitoa wapi? Nikilijua hilo, nitawapa baraka."

Nikaenda kumuuliza dada mkubwa wa marehemu baba. Shangazi yetu huyo alicheka mpaka akavua miwani.

"Babu yenu alinunua kibanda kwa mtu wa ukoo huo, bango lenye jina lake likiwa juu ya mlango. Hakulifuta. Wateja wakawa wanamwita kwa jina la bango, akachoka kukanusha. Baba yenu akaandikishwa shule hivyohivyo."

Nilipomwambia kaka, alitengeneza saa kutwa nzima bila kumtajia mteja hata mmoja ukoo wetu. Nilimwonea huruma, lakini sikumbembeleza. Ama ajishushe, ama binti akose mume.

Kikao kilifanyika sebuleni kwake. Alisimama, akakohoa bila sababu.

"Jina hili babu yangu alilikuta kwenye bango la kibanda. Sisi si wa ukoo wenu, wala hatujawahi kuwa."

Nilimpenda kaka yangu saa ile kuliko siku zote. Dereva aliinuka, akampa mkono. "Basi waoane, mkwe wangu."

Kaka hakuuachia ule mkono. Nikaona uso wake unafunguka taratibu.

"Kwa hiyo mjukuu wangu atakuwa wa ukoo ule wa majemedari kwelikweli?"

"Wa damu kabisa."

"Sasa harusi hii," kaka akauliza, "mnaichelewesha ya nini?"