Kamba ya Mume Wangu Mtoni Oso

Siku changarawe ilipomwangukia mume wangu chini ya mto Oso, kamba yake ilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu majini, kama nilivyokaa kila siku tangu tufike Walikale.

Sisi si watu wa mto. Tumezaliwa Burungu, upande wa Masisi, kwenye vilima vya maharage na ng'ombe, na kwetu maji ni kitu cha kuchota na kubeba mgongoni. Hakuna aliyetufundisha kuogelea, maana hakukuwa na mahali pa kuzama. Vita ilipotutoa tena nyumbani, maharage yakiwa bado mabichi, mama yangu na ukoo wote walishuka hadi karibu na Mubambiro, wakajenga vibanda vya turubai. Mume wangu akakaa pale muda kidogo, akachoka.

"Hapa tunangoja unga ya kupewa," alisema. "Mimi niko na mikono."

Tukamwachia mama watoto, tukashika njia ya Walikale. Alitafuta kazi ya kubeba mizigo, hakupata. Alitafuta kazi ya kuchimba, mashimo yalikuwa yamejaa watu. Kazi ambayo haikukosa nafasi ilikuwa ya plonjeri, mtu wa kuingia chini ya maji, kwa sababu waliokuwa nayo hawakukaa nayo sana.

Ukingoni palikuwa na moteri ndogo iliyosukuma hewa ndani ya tiyo, mpira mrefu wa njano. Plonjeri alijifunga vyuma kiunoni ili asielee, akavaa miwani ya maji, akauma ncha ya tiyo kwa meno, akatembea kutoka ukingoni hadi maji yakamfunika. Chini hakuuona hata mkono wake mwenyewe, maana Oso ina rangi ya chai. Kwa kupapasa tu alishika mdomo wa tiyo nyingine, ile nene, iliyonyonya changarawe na kuipandisha juu, ambako wanaume wengine waliiosha wakitafuta dhahabu. Hewa ya moteri ilikuwa na ladha ya moshi. Jioni mume wangu alitema mate meusi, akasukuma sahani ya sombe, majani ya muhogo, akisema inanuka esansi, petroli ya moteri.

Kamba ya kiunoni hakutaka ishikwe na mwingine. "Hawa wengine wanapiga masolo, porojo tu," aliniambia. "Wewe unasikia." Akivuta mara moja, maana yake ni mzima. Akivuta mara mbili, tumpandishe.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha milimani, na asubuhi mto ulikuwa umevimba, umebeba majani na matawi. Tulikuwa na plonjeri wawili tu. Yule wa pili, mwenyeji wa mto ule, mtu wa mizaha mingi, alikuwa amelala na malaria. Nilimwambia mume wangu asiingie. Patroni, mwenye mashine na kazi ile, alikuwa amesimama pale pale, akasema changarawe ya jana ilikuwa nzuri, maji yakizidi kupanda itafunikwa yote. Mume wangu alinitazama, akatazama mto, akauma tiyo.

Kwanza niliona maji yakichafuka. Mapovu makubwa yakapanda kwa pamoja, kisha kamba ikakaza kiasi cha kutaka kuniangusha, halafu ikatulia. Nikavuta mara moja. Kimya. Nikavuta tena, nikaanza kulia kabla sijajua ninalia. Ndipo nikasikia, kwa mbali, kama samaki anagusa: mara mbili. Nipandishe.

Wanaume wakaja, tukavuta pamoja. Kamba haikusogea hata kiganja.

"Vuteni kwa nguvu!" patroni alipiga kelele.

"Tukivuta hivi tutamukata," alisema mutu wa moteri, aliyeitunza mashine ile. "Ukuta ya changarawe njo imeanguka. Iko jiwe imemukamata muguu." Aliweka sikio karibu na tiyo ya njano. "Anapumua. Sikia, anapumua."

Nilisikia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshiba hofu, harakaharaka, ikipita ndani ya mpira. Nikajua kwamba mume wangu atakuwa hai kadiri moteri itakavyonguruma, wala si zaidi. Mutu wa moteri alifungua kifuniko cha tanki, akatikisa, akakifunga bila kunitazama. Pikipiki ya kuleta esansi ilitakiwa kufika jana. Njia ilikuwa imekatika kwa mvua.

Patroni alisema anakwenda mahali penye rezo apige simu. Hatukumwona tena siku ile.

Nikampa mutu wa moteri kamba. "Akivuta, umujibu," nilimwambia. "Asikose kujibiwa." Nikakimbia.

Barabarani nilimkuta mwendesha pikipiki amepakiza mama mmoja na gunia lake. Nikasimama katikati ya njia, mikono nimeinyoosha. Akafunga breki, akanitukana.

"Kaka, mi nakuomba esansi. Bwana yangu iko chini ya mayi. Moteri ikizima, amekufa."

"Na mimi nitafika namna gani? Huyu mama iko anaenda hospitali kuona mutoto yake."

Nilipiga magoti kwenye tope. Aliyeshuka ni yule mama. Alijitwisha gunia, akasema, "Mupe. Mimi nitatembea." Sikuuliza hata jina lake, na sijui kama alimkuta mtoto wake. Kijana yule alichomoa mpira wa tanki, akajaza bidoni ndogo aliyokuwa nayo, akabaki anaisukuma pikipiki yake kwa mikono.

Niliporudi moteri ilikuwa imeanza kukohoa. Tulimimina. Ikanguruma. Nikashika kamba, nikavuta mara moja. Akajibu mara mbili, mara mbili tena, mara mbili tena.

"Esansi hii haimutoe," alisema mutu wa moteri. "Lazima muntu ashuke amutolee changarawe. Na hapa hakuna mwenye kujua kushuka."

Kulikuwa na mmoja, yule plonjeri wa pili. Nyumba yake ya miti ilikuwa juu kidogo ya ukingo. Mke wake alikuwa mlangoni anakoroga uji, na aliponiona akasimama, akaushika mlango kwa mikono yote miwili. Habari ilikuwa imemfikia.

"Hapana," alisema.

"Mama, mi nakuomba."

"Ameamka anatapika. Hajasimama tangu juzi. Wako ni bwana, na wangu njo nini?"

Tulibaki tunatazamana, wanawake wawili, kila mmoja na wake. Ndipo sauti ikatoka ndani, sauti kavu: "Wacha mulango." Alitoka amejifunika blanketi, macho ya njano, anatetemeka. Mke wake alimshika mkono. Akautoa mkono ule polepole, akamwambia maneno ya lugha yao ambayo sikuyaelewa.

Mutu wa moteri alifunga tiyo ya pili. Alimweleza wazi: moteri ile imechoka, wakiwa wawili hewa itapungua kwa wote. "Nikivuta sana, yeye anakosa," alisema mgonjwa, akijaribu kucheka. "Basi nitapumua kidogo kama maskini." Akafungwa vyuma. Mke wake akaja, akachukua kamba yake, akakaa ukingoni kando yangu, bega kwa bega. Hakunitazama. Mikono yake ilikuwa na uji bado.

Siwezi kusema ilichukua muda gani. Najua mvua ilianza, ikaisha. Najua moteri ilibadilisha sauti, na kila ilipobadilika sote wawili tuliacha kupumua. Kamba yake ilikuwa ikicheza huku na huku, mumewe akichimba. Kamba yangu ilikuwa imelala. Nilivuta mara moja, hakuna jibu. Nikavuta tena, nikaita kwa sauti, kana kwamba maji yana masikio. Mke wa mgonjwa, bila kugeuza kichwa, alisema, "Wangu anafanya kazi. Kama wako amekufa, wangu angeisha kupanda." Hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia pale.

Kisha kamba yake ikavutwa mara mbili, kwa nguvu, na yangu ikalegea ghafla. Tukavuta. Mume wangu alitokea kwanza, uso wa kijivu, meno yameng'ata tiyo hata tulishindwa kumfungua mdomo. Damu ilikuwa ikimtoka masikioni. Nyuma yake alitoka mgonjwa, akitambaa kwa magoti, na mke wake akaingia majini na nguo zake zote kumpokea.

Malaria ile ilimzidi. Walimpeleka kituo cha afya amefungwa kwenye kiti cha kubebea, na kwa siku nyingi tulisikia anaweweseka. Alipona. Lakini mke wake hakunisalimu tena. Nilimpelekea ndizi, nikazikuta mlangoni pangu asubuhi. Nilimwelewa. Hata leo namwelewa kuliko ndugu zangu wengi.

Mguu wa mume wangu ulipona na kovu. Sikio moja halikurudi. Siku moja nilimuuliza kuhusu kule chini, njiani tukirudi kwa watoto.

"Nilikuwa nasikia moteri," alisema. "Ikianza kukohoa, naaga muntu mumoja. Niliaga batoto kwanza, mumoja mumoja, wewe nilikuacha wa mwisho, sababu nilifikiri ungesikia kwa kamba."

Tuliporudi nao Burungu, shamba letu tulilikuta limegeuka malisho ya ng'ombe wa watu tusiowajua, wenye bunduki. Sasa tunalima la wengine, karibu na Masisi, kipande chenye mawe. Mwaka huu mvua imechelewa. Juzi alisimama pembeni mwa shamba akanitajia Walikale, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza hali ya njia. Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kupalilia.