Nyuzi Chini ya Dashibodi

Uzi mwekundu ulikuwa wa betri. Mweusi wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, mweupe wa taa, wa kijani wa geji ya mafuta, wa njano wa geji ya joto. Hata leo ukinigutusha usingizini nitakutajia bila kukosea, ingawa gari lenyewe sijaliona tangu lilipotoka uani kwangu, na mwanamume aliyenifundisha amelala ng'ambo ya ghuba, kwao.

Mume wangu alikuwa fundi wa geji katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Walipoanza kupunguza watu, alikuwa katika kundi la kwanza. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakafungua vioski, wengine wakanunua nyavu za sangara. Wangu alirudi nyumbani Mirongo na trekta likivuta gari la spoti la milango miwili, la zamani kuliko ndoa yetu, lililokuwa limeachwa miaka mingi kwenye nyasi za kiwanda cha kuchambulia pamba. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha nyuma. Mahali pa dashibodi palikuwa na shimo tupu na mabaki ya nyaya zilizotafunwa na panya.

Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema matajiri wapya wa samaki wanatafuta magari ya kujionyesha, na kwamba akilitengenezea dashibodi ya mbao ambayo hakuna mwingine mjini anayo, litauzwa na sisi tutajenga. Nilinuna wiki mbili nzima. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, na mitumba ilikuwa imeshaanza kuninyang'anya wateja. Nani atashonesha sketi mpya wakati marobota yanafunguliwa barabarani kila asubuhi? Hata sasa, nikimkumbuka akiteremka kwenye lile trekta anatabasamu, hasira hunipanda upya.

Lakini ufundi alikuwa nao, hilo simnyimi. Alinunua ubao wa mninga, akaukausha chini ya kitanda chetu, akachora miduara kwa kufuatisha vikombe vyangu vya chai, akaikata kwa msumeno mwembamba, kisha akaupiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami popote. Geji alizitoa kwenye vyuma chakavu vya kiwanda kilekile kilichomfukuza. Ile ya presha ya boila aliifungua, akairekebisha, akaifanya ya oili. Meza ya chakula ikajaa sindano za geji na vioo vyake, nasi tukawa tunakula mkekani.

Kisha akaanza kukonda. Miaka ile ugonjwa ule haukutajwa jina. Watu walisema anaumwa, wakabadilisha mazungumzo. Mikono ilipoanza kumtetemeka akawa hawezi kushika bisibisi, ndipo akaniita. Nyaya zote alizokuwa nazo zilikuwa nyeusi, zilizotoka kwenye mashine za kiwandani, na yeye alizitambua kwa kuhesabu kuanzia kushoto. Mimi nilizichanganya kila mara. Siku ya tatu nikachoka, nikachukua nyuzi zangu za kushonea, nikafunga kifundo cha rangi kwenye kila waya: upande wa ubao kimoja, upande wa gari kimoja. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kiwandani wangenipandisha cheo.

Miezi ile, nasema kweli, ndiyo niliyompenda zaidi. Mimi nimelala chali chini ya shimo la dashibodi, yeye ameketi kwenye kiti pembeni na blanketi mabegani, ananielekeza kwa fimbo. Binti yetu, wa miaka saba, alishika usukani akaendesha kwenda Ukerewe kwa bibi yake, tena bila kivuko. Mume wangu alitaka jambo moja tu, aone taa za dashibodi zikiwaka. Betri ilikuwa bado inachajiwa kwa fundi alipofariki.

Tulimvusha kwa kivuko cha Kigongo, tukamzika kwao. Matanga yalipoondolewa wakaja kugawa mali, kaka yake na shangazi yao. Nilimwamkia shangazi shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Shemeji alikuwa ameshapata mteja, tajiri mmoja wa samaki aliyewahi kuuona ule ubao na aliyelitaka gari likiwa nao tu. Akaingiza kichwa chini ya usukani kuona pa kuufunga. Alitoka haraka kuliko alivyoingia.

"Shangazi, njoo uone."

Shangazi alichungulia kutoka mlangoni mwa gari. Nyuzi nyekundu, nyeusi, nyeupe, zimefungwa vifundo, zinaning'inia karibu na mahali ambapo mtoto wa kaka yake alikuwa akikaa kila siku mpaka akaisha. Kwao hata mtoto anajua rangi hizo ni za mganga.

"Mkamwana," alisema, "kumbe ulimfunga mtoto wetu."

Nilieleza. Nilieleza vizuri, polepole, kama ninavyomweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Shemeji akauliza ni nani aliyemfundisha mwanamke umeme. Nikasema marehemu. "Marehemu hawezi kusema," akajibu. Shangazi akaongeza kwamba watu wa visiwani wanafahamika kwa uchawi, nami nimezaliwa Ukerewe, sikuwa na la kuficha. Miaka ile vikongwe walikatwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

"Gari linaondoka na mtoto anaondoka," shemeji alisema. "Hatuwezi kumwacha hapa."

Nikawaambia leteni betri. Nitaufunga ubao mbele yenu, kila uzi na mwenzake, muone kazi yake. Walikubali. Nikalala chali kama nilivyozoea, nao wamesimama mbali kidogo, ndugu na majirani, nikiona viatu vyao tu. Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwa nyeusi. Hakuna aliyenielekeza kwa fimbo, na machozi yalinitiririkia masikioni kwa sababu ya kulala vile. Nilipomaliza nikaketi, nikazungusha ufunguo.

Ziliwaka zote. Sindano ya mafuta ikainuka kidogo, kwa ile petroli ya kidumu aliyoitia marehemu mwenyewe. Binti yangu alipiga makofi. Mimi niligeuka kumtazama shangazi, nikingoja uso wake ulegee, nikijua nimeokoka.

Shangazi alirudi nyuma hatua mbili. "Umeona?" alimwambia shemeji kwa sauti ya chini. "Hata mwanamume hawezi hivyo."

Basi nikaelewa kwamba ningeweza kuwasha taa za mji mzima, isingesaidia. Shemeji akamwambia binti yangu akachukue nguo zake. Mtoto hakwenda, alinitazama mimi.

Nililofanya sikulipanga. Kibunda cha uzi mwekundu kilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Nikamwita mwanangu, nikapiga magoti, nikamfunga uzi kwenye kifundo cha mkono. Vifundo vitatu, taratibu. Macho yangu hayakuwa kwake, yalikuwa kwa shemeji, baba yake mkubwa. Nikakaza kifundo cha mwisho nikiendelea kumtazama.

Shangazi alimshika shemeji mkono wa shati. "Mwache," alisema. "Mwache huyo mtoto."

Gari walilivuta kwa kamba, mmoja akitembea kando na kushika usukani kupitia dirishani. Hakuna aliyekubali kuketi ndani; labda aliketi baadaye tajiri wa samaki, ambaye hakuambiwa kitu. Ubao wa mninga niliuona mara ya mwisho ukipita getini, taa zake bado zinawaka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugusa ufunguo. Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Mimi nilipewa wa kwangu mwenyewe.

Jina la mchawi lilibaki. Wateja wachache niliokuwa nao waliacha kunipa vipimo vya miili yao. Nikahamia Mkuyuni, jina likanifuata huko baada ya mwaka. Nililala na jiwe la kusagia nyuma ya mlango mpaka binti yangu alipomaliza sekondari. Sikujitetea hata siku moja. Niliogopa kwamba wakiacha kuniogopa, watarudi kumchukua.

Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Mwaka jana alikuja, akasukuma kikombe chake cha chai pembeni, kisha akaniuliza kama ni kweli nilimroga baba yake. Aliuliza kwa upole, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angefoka. Nikamweleza yote: trekta, kiti na blanketi, nyaya nyeusi zisizotofautiana. Nikamtajia rangi kama nilivyofundishwa, mwekundu wa betri, mweusi wa ethi, mweupe wa taa. Akasema anazikumbuka zile taa, alipiga makofi.

Halafu akashika mkono wake mwenyewe, pale kwenye kifundo, akaniuliza ule uzi niliomfunga yeye ulikuwa wa nini.