Upanga wa Babu na nyanya ya Mama

Leo nesi Mjapani amepitisha kidole kwenye makali ya upanga wa Babu, na Mama akapiga nduru!

Ni ule upanga ambao niliweka picha yake hapa, mkasema ni wa Mturuki.

Babu alirudi nao kutoka Burma, Vita vya Pili vya Dunia, kisha Baba akaurithi. Tangu tumzike Baba mwezi jana, Mama ameuweka kwenye zizi la mbuzi.

"Kitu kilichoua watu hakilali kwangu," alisema. Jana alitaka kuutupa mtoni Turkwel.

Nikaomba siku moja tu. Rafiki yangu huyo nesi anafanya kazi Kakuma, na leo alikuwa anapita Lodwar kupanda ndege.

Kwanza aligusa maua madogo ya kwenye mpini. (Kila Krismasi Baba aliyapaka mafuta ya kupikia, akituambia ni maua ya nyanya.)

"Haya ni maua ya cheri," akasema. "Upanga wa ofisa wa jeshi la Japani."

Ndipo akapitisha kidole.

"Uui! Sista, utajikata!"

Hakuna damu.

"Mama, huu haujawahi kunolewa. Ni wa kuvaa kwenye gwaride."

Mama hakuamini. Akaleta nyanya, akaikata kwa nguvu.

Ikapondeka tu!

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Na vile baba yenu alikuwa anawatisha nao!"

Sasa najiuliza Babu aliupataje. Nani mwingine babu yake alienda Burma?

Upanga uko juu ya kabati, kando ya kofia ya Baba. Krismasi iko mbali, lakini Mama ameshaupaka mafuta.