Mwalimu Somoe na Wimbo wa Chungu

Mwalimu Somoe ana kasoro moja ambayo nimeshamwambia usoni: akikolewa na somo hasikii kengele. Mimi nafundisha Jiografia darasa lake hilohilo, na nikifika mlangoni na ramani yangu kwapani huniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Ni mtoto wa wavuvi wa Mikindani, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili wake, na nilipohamia hapa Mtwara kutoka Njombe nilimkuta akifundisha Fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita. Kumchukia huwezi. Kumvumilia ni kazi.

Fasihi ya Marekani kaipachika mwenyewe, zama baada ya zama. Anaanza na walowezi na mahubiri yao ya moto wa jehanamu, anakuja kwenye vita vya kumfukuza Mwingereza, kisha utumwa, kisha Weusi waliofungasha virago kusini wakahamia miji ya viwanda ya kaskazini. Kwenye walowezi wanafunzi wanasinzia. Kwenye kuhama hawahitaji maelezo, maana nani huku kusini kwetu hana kaka aliyekwenda Dar kutafuta maisha? Lakini ukitaka kumwona Somoe mwenyewe, mkute kwenye utumwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa anafundisha nyimbo za watumwa. Mimi nilikuwa mlangoni nasubiri kipindi changu, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Aliwaambia jinsi bwana shamba alivyokaa barazani akisikia watu wake wanaimba habari za mto na mbinguni, akafurahi kwamba wamekuwa wacha Mungu, kumbe wanapeana habari za kutoroka. Halafu akauliza nani anajua wimbo wa huku kwetu wenye maana mbili. Alitegemea taarabu, au maneno ya kanga.

"Muulize Hawa, mwalimu," alisema Asadi, kijana mmoja mpenda sifa. "Bibi yake ndiye kungwi wa kijiji kizima cha Ziwani."

Darasa likacheka, kisha wasichana wakainamisha vichwa. Nyimbo za unyago hufundishwa wasichana ndani, na wanawake peke yao. Mwali haruhusiwi kuzifafanua nje, na maana yake ikifika kwenye masikio ya wanaume ni aibu ya ukoo mzima. Mimi mtu wa kuja nalijua hilo. Somoe, aliyechezwa ngoma kwao Mikindani, analijua kunishinda. Lakini alikuwa amekolewa.

"Haya, Hawa. Mstari mmoja tu na maana yake."

"Mwalimu, naomba mwingine aseme."

"Mstari mmoja, mwanangu. Wenzako watajifunza."

Hawa alisimama. Akaimba mstari wa Kimakonde unaotaja chungu na mfuniko, kisha akaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka: chungu ni nyumba, mfuniko ni ulimi wa mke, na asiyechunga ulimi wake ataunguza vya ndani. Somoe akampigia makofi. Mimi nikakohoa mlangoni, hakuna aliyenijali.

Asadi naye kwao ni Ziwani. Mwisho wa wiki wote wawili walikwenda kwao, na huko uwanjani kwenye mpira Asadi akajigamba kwamba nyimbo za kina mama sasa anazijua pamoja na maana zake, kafundishwa na Hawa darasani. Habari ilimfikia Mzee Rajabu, kaka wa mama yake Hawa, na kwa Wamakonde mjomba ndiye msemaji. Jumatatu akafika shuleni na mama yake mzazi, Bi Sabra, yule bibi yake Hawa, kungwi mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa darasa, nikaitwa ofisini pamoja na Somoe na Hawa.

"Hatukuja kugombana," alianza Mzee Rajabu. Wanaokuja kugombana wote huanza hivyo. "Tunamchukua ntoto wetu. Atavuka Ruvuma akakae Msumbiji kwa mama zake wadogo."

"Mzee wangu, mtihani wa taifa ni mwezi wa tano," alisema Mwalimu Athumani, mkuu wetu wa shule. "Na sheria ya kumwachisha mwanafunzi..."

"Hiyo sheria ina mtumbwi wa kumfuata?"

Mkuu akamgeukia Somoe. "Hii Marekani yako nilikwambia haimo kwenye muhtasari."

"Kosa ni langu," alisema Somoe. "Niadhibuni mimi. Mtoto aachwe afanye mtihani."

"Ulimfunga kamba?" aliuliza Mzee Rajabu. "Alikuwa na mdomo, angekataa."

"Alikataa. Mimi ndiye niliyerudia kumuuliza."

"Basi huo wimbo wenyewe ulisemaje?" mkuu alidakia, akitaka kuonekana mtu wa uchunguzi. Mzee Rajabu alitazama sakafu, mimi nikatazama dirisha. Kumhukumu Hawa kulitaka mtu atamke kile alichokisema, na kukitamka ndilo kosa lenyewe. Nilikasirika nikatamani kupiga meza. Msichana wa kwanza darasani anapotea hivihivi mbele ya watu wazima, na hakuna anayeweza hata kulitaja shtaka.

Hawa alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono nyuma.

"Ulisema au hukusema?" mjomba alimuuliza.

"Nilisema."

"Una la kujitetea?"

"Sina, mjomba."

Nilitamani kumtikisa mabega. Somoe alikuwa ameanza kulia, bila sauti, anajifuta kwa ncha ya mtandio. Mzee Rajabu akasimama akavaa kofia yake. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Shikamoo zetu Bi Sabra alikuwa ameziitikia. Salamu ya Hawa aliikataa tangu siku habari ilipofika, na pale ofisini hakumtazama hata mara moja. Sasa alimtazama Somoe.

"Mwalimu, wewe umechezwa?"

"Nimechezwa, bibi. Kwetu Mikindani, nyimbo zetu ni nyingine."

"Sogea. Niambie hapa," aligusa sikio lake. "Wimbo usiutaje. Niambie maana aliyowapa."

Somoe alipiga magoti, akakinga mdomo kwa mtandio, akanong'ona. Uso wa Bi Sabra ulikunjamana.

"Rudia."

Akarudia. Nilisubiri mama yule alipuke. Akalipuka kweli, kwa kicheko, kicheko cha kikohozi kilichomtoa machozi hadi mwanawe akamshika bega kwa hofu.

"Vua kofia, Rajabu. Ntoto hajasema kitu."

"Mama, darasa zima limesikia."

"Mstari hata mpita njia huusikia. Maelezo waliyopewa ni ya kutunga. Ya kwetu yako palepale nilipoyaweka."

Mzee Rajabu alikaa chini polepole. Bi Sabra akamgeukia mjukuu wake. "Mbona hukuniambia?"

"Salamu yangu ulikataa, bibi. Na hapa, mbele ya wanaume? Kusema 'siyo hiyo' nako ni kusema."

Bi Sabra alimshika kidevu, akamwambia arudi darasani, na aache kumkondesha bibi yake. Habari ya Msumbiji haikutajwa tena. Mkuu alijifanya ameelewa kila kitu.

Somoe alimwahi Hawa barazani. Nilikuwa nyuma yao, na sikujificha.

"Mimi nilikuamini," alimwambia. "Hata nilikupigia makofi. Kwa nini hukunyamaza tu?"

"Nilikukatalia, mwalimu, ukauliza tena." Hawa aliongea kwa adabu, macho chini. "Na ulikuwa umetoka kutufundisha wale watu walivyoishi na bwana wao. Nikafikiri, bwana alipouliza maana, bila shaka alipewa. Alipewa ya kumtosha akalale."

Akaomba ruhusa, akaenda zake darasani. Nilikuwa na maneno yangu ya kumtania Somoe, ya wiki nzima. Niliyaacha. Alikuwa ameegemea nguzo, ameshika chaki iliyokatika.

"Dickson," aliniambia, "miaka yote hii nafundisha zama zile, nilidhani mimi niko upande wa wanaoimba."