Vyumba Saba vya Yatta

"Huyu? Huyu hata nyumba ya kuku hawezi kujenga." Hayo aliyasema baba yangu mdogo, Kilonzo, mbele ya watu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, huku harufu ya matofali yaliyolowa mvua imejaa hewani. Wengine waliongeza yao. Kwamba sitamaliza shule. Kwamba sitavuka soko la Kithimani isipokuwa nikivuta mbuzi kwa kamba. Nayaweka mwanzoni maneno hayo kwa sababu nimeyajibu yote. Nina diploma ya ujenzi niliyojilipia mwenyewe, mchana nikibeba zege na jioni nikiingia darasani. Nimefanya kazi nchi za Ghuba miaka kumi na mitatu, nikasimamia majengo ya ghorofa kumi na nne, na wahandisi wenye digrii zao walikuwa wakinisubiri nifike ndipo wamimine zege. Nimerudi na gari langu na jina langu. Hata hivyo, ile harufu ya tofali likirudi kuwa tope sijawahi kuitoa puani, na sitarajii tena kuitoa.

Tulikuwa tukiishi Athi River, watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga: baba, mama, dada yangu Mwende na mimi. Vumbi la simiti lilitua juu ya sufuria, juu ya sukuma wiki ambazo mama aliuza mlangoni, hata kwenye kope za macho yetu. Baba alipakia mifuko kiwandani miaka kumi na tisa, mpaka kifua kikamshinda, wakampa haki yake na kumwambia aende nyumbani apumzike. Neno hilo "nyumbani" ndilo lililotuletea shida, kwa kuwa hatukuwa na pahali tulipopaita hivyo. Fedha alizopewa zingeweza kufanya jambo moja tu kati ya mawili. Zingenunua nyumba ya vyumba viwili iliyokwisha kujengwa mjini Machakos, au zingenunua ekari tatu Yatta, mbele ya Kithimani, na kubaki kiasi cha kujengea nyumba kubwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane tulikwenda kuitazama ile ya Machakos. Ukungu ulikuwa umefunika milima ya Iveti, na barabara ya kuelekea kwenye nyumba ilikuwa na miti pande zote mbili, imefagiwa kama ua wa kanisa. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyekuwa akihamia kwa mwanawe, alitukaribisha kwa chai. Mama aliingia jikoni, akafungua bomba, maji yakatoka. Akalifunga. Akalifungua tena. Sikuwa nimewahi kumwona akicheza na kitu. Mwende, ambaye mwaka ule alikuwa wa kwanza katika darasa lake, alisimama dirishani akitazama shule iliyokuwa karibu kiasi kwamba tulisikia wanakwaya wakifanya mazoezi. Baba yeye alikuwa akipima sebule kwa hatua.

"Hatua nne," akasema. "Mama Mwende, mimi nikifa hapa mtanilaza wapi? Ndani ya karai?"

"Kwani Baba Mwende unatafuta nyumba ya kufia ama ya kuishi?"

Mwalimu alicheka hadi akamwaga chai. Baba hakucheka. Alikuwa kifungua mimba wa ndugu sita ambao babu yetu aliwaacha bila shamba, na utotoni mwao walilala kwa watu, huku wawili, kule watatu, wakifukuzwa kila mwenye nyumba alipopata wageni. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilimsikia tu akisema, "Ndugu zangu wakija Krismasi watalala wapi, juu ya mti?" Na mama akamjibu, "Walale kwao, wako na kwao. Huyu mtoto atasomea wapi huko Yatta?" Baba akasema shule ziko kila mahali. Akakirudisha kikombe cha mwalimu mezani kwa mikono miwili, kwa heshima, na nikajua kwamba habari ya Machakos imekwisha.

Yatta ilitupokea kwa jua. Udongo ulikuwa mwekundu, nyasi zimekauka hadi zinakatika zikiguswa, na upepo wa mchana ulipiga filimbi kwenye matundu ya mabati ya kibanda tulichosimamisha kiwe jiko na malazi ya muda. Baba alichora nyumba yake ardhini kwa fimbo. Vyumba saba. Alitembea ndani ya mistari ile akitutambulisha: hapa ni kwa Kilonzo na watu wake, hapa ni kwa nyanya yenu, hapa sebule ya watu thelathini. Niliruka kutoka chumba hadi chumba na kuchagua changu. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Mtoto aliyelala miaka yote chini ya meza hawezi kuonyeshwa chumba chake, hata kama ni mistari tu, akabaki na akili timamu.

Watu wa kijiji walitujia kwa mwethya, yaani ule utaratibu wetu Wakamba wa kusaidiana kazi kwa zamu: leo kikundi kizima kiko kwako, kesho nawe uko kwa kila mmoja wao, siku kwa siku. Kila Jumanne na Ijumaa walifika kabla ya jua kupanda, wanawake wengi na wanaume wachache, majembe begani, wakiimba kwa kupokezana. Walichimba udongo, wakachota maji mtoni, wakafyatua matofali, wakapanga tanuri na kulipaka tope. Moshi wa kuni ulitanda siku nyingi. Mama na Mwende walipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, katika sufuria za kuazima, na mama akawa anataja jina la kila aliyekula, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilidhani anaomba. Alikuwa akizishika kichwani siku za watu, zile tulizodaiwa.

Fundi wetu aliitwa Nzioka, mtu mfupi mwenye penseli sikioni. Msingi ulipokwisha alimvuta baba kando, ingawa si kando sana, kwa hiyo nilisikia. "Mzee, tupandishe hivi viwili, tupige bati, mwingie. Hivi vingine vitangoja mwaka ujao." Baba alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Nyumba ya kuezekwa nusunusu, alisema, ni ya mpangaji. Majirani watamwona kama mtu aliyeishiwa njiani. Vyumba vyote saba vitapanda pamoja. Leo, kwa elimu yangu, ningemshika mkono na kumwonyesha hesabu. Wakati ule nilimwona Nzioka kuwa mwoga. Kuta zikapanda zote kwa pamoja, na zikala kila kitu kwa pamoja. Zilipofika juu ya madirisha hapakuwa na fedha ya bati hata la chumba kimoja, na kwa kubana matumizi matofali yalikuwa yameunganishwa kwa udongo. Baba yangu, aliyebeba simiti ya watu miaka kumi na tisa, hakubakiwa na mfuko mmoja wa kwake. Sehemu ya matofali yenyewe haikuiva, maana kuni zilikwisha kabla ya tanuri kushika moto sawasawa.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilianza mchana, baada ya chakula. Tone la kwanza lilinukia vizuri na tukashangilia. Kisha ilishuka kwa uzito ambao Yatta huupata mara moja baada ya kuungoja mwaka mzima. Baba alikimbia na karatasi za nailoni, akifunika ukuta huu, upepo ukifunua ule. Sebule ya watu thelathini ilianguka kwanza, bila kelele kubwa, kama mtu mzima anayeketi chini kwa uchovu. Kikafuata chumba changu. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda, Mwende nyuma yake.

"Baba Mwende," aliita, "ingia ndani!"

Baba aligeuka, maji yakimtiririka usoni, mikono imejaa nailoni. "Ndani gani?" akauliza. "Niambie, ndani gani?"

Kesho yake ndugu zake walikuja kutazama, na ndipo Kilonzo aliponikuta nikipanga vipande vya matofali kimoja juu ya kingine, akasema lile alilosema. Nadhani lilimlenga baba. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nyumba ilianguka, siku za watu hazikuanguka. Baba alirudi Athi River kuwa bawabu, akawa anakuja nyumbani kwa nadra na kusema machache, na nilipokuwa kidato cha pili alikuja akiwa ndani ya sanduku. Nafasi ya kumlaza ilikuwepo tele. Mwende aliacha shule akaenda kushona suruali kiwandani, na pale yupo hadi leo, vidole vimekunjamana. Mimi na mama tulibaki katika kibanda cha mabati, ambacho kilikuwa kidogo kuliko jiko la mwalimu. Na kila wiki sauti iliita kutoka barabarani: "Mama Mwende, Ijumaa ni kwangu!" Naye aliamka akaenda kuchimba matuta ya kuzuia udongo kwenye mashamba ya wote waliotuchimbia, mwaka baada ya mwaka, mpaka uti wa mgongo ukakataa kunyooka. Wengi walimwambia asahau. Siku za waliokufa alitaka kuzirudisha kwa watoto wao.

Niliporudi kutoka Ghuba sikupoteza muda. Nilinunua nyumba Machakos, barabara ileile ya mwalimu, vyumba viwili, na nilikagua kila kona kwa jicho langu la kazi: hakuna ufa. Mke sina tena, alichoka kungoja simu. Nyumba ilikuwa ya mama. Nilimpelekea funguo, akazishika, akaniambia kwamba haendi popote wakati siku sitini na tatu za watu hazijarudi. Nikasema nitazilipa zote kwa fedha, asubuhi hiyohiyo.

"Kwani walikuja na pesa?" akaniuliza. "Walikuja na mikono."

Basi nikashika jembe. Karibu miezi mitatu nilichimba matuta Yatta, mimi mwenye diploma, vijana wakipita na pikipiki wakipiga kelele: "Niaje, injinia! Hiyo ghorofa inaenda chini?" Niliwajibu kwamba msingi huanzia chini, na matuta yangu yalinyooka kuliko yote katika kata nzima, nendeni mkayaone. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja, rafiki wa mama, siku nne. Jumatano iliyopita, saa sita kasorobo mchana, alinipa maji ya kunawa, akatazama mtaro wangu, akasema, "Haya. Mwambie mamako tumemalizana."

Nilimwambia. Nilikuwa nimeosha gari tayari. Mama alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, akazirudisha funguo kiganjani mwangu, juu ya malengelenge. "Hiyo nyumba, mwanangu, ni ya mama wa miaka thelathini na sita, ako na watoto wawili wa shule," akasema. "Huyo mimi simjui tena. Mimi huko nitaongea na nani?" Niliketi chini kando yake. Baadaye walipita wanawake watatu na majembe begani, wakielekea kwa mtu mwingine, wakizungumza. Hapakuwa na mtu katika Yatta yote aliyetudai hata nusu siku, wala wa kumwita mama tena Ijumaa. Mama aliinua mkono kuwapungia. Walipita bila kugeuka.